Siku Malkia wa Ukungu Alipogoma

Nimestaafu. Hedifoni nimezirudisha, funguo nimemkabidhi aliyechukua kiti changu, na kikombe changu kimebaki pale jikoni kwa sababu kina ufa na hakuna anayekitamani. Nyinyi mnaobaki kazini mmeniomba niandike machache juu ya kazi yetu ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye vipindi vya watoto. Siku hizi mnaifanya kila mtu kwake, amejifungia kwenye kabati la nguo na kompyuta yake, na mnataka kujua sisi tuliobanana chumba kimoja tulifanyaje mpaka tusitoane roho. Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini, waulizeni wanaokumbuka. Mimi nakumbuka midomo.

Kabla ya hapo nilikuwa mkalimani wa hospitali na mahakama. Ni kazi ya heshima, ila watu wanalia mbele yako na wewe hutakiwi kulia, na ukiongeza neno moja la huruma lisilokuwepo umeharibu. Nilichoka. Mtu akaniambia kuna studio mtaa wa Kings Heath, hapa Birmingham, ghorofani juu ya duka la mazulia, wanatafuta wa kuwatafsiria vipindi vya Kijapani kutoka kwenye skripti ya Kiingereza. Nikavaa tai, nikaenda.

Siku hiyo ya kwanza sikutafsiri hata sentensi moja. Jamaa aliyetakiwa kuwa dubwana la kaa alikuwa na mafua, na fundi wa sauti, Mwingereza mmoja aliyenizidi umri, jina lake Keith, alinitazama kuanzia viatu mpaka tai, kisha akanionyesha mlango wa chumba cha kurekodia. Nilimweleza kwamba mimi ni mtafsiri na nina shahada. Akanipa kipande cha tofaa la kijani. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba tofaa ni dawa ya mdomo uliokauka, maana mdomo mkavu hutoa vijisauti ambavyo maikrofoni inavipenda kuliko maneno yenyewe. Wakati ule nilidhani ananitania. Nilikula tofaa, nikavua tai, nikanguruma mpaka mwenye duka la mazulia akapanda ngazi kuuliza kama kuna mtu ameumia. Mpaka leo sijui kaa hulia vipi.

Keith alizaliwa Shard End, mtaa wa pembeni mwa mji huu huu, na kwake yeye dunia ilikuwa na sehemu mbili, Shard End na kwingineko. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hakujifunza Kiswahili. Hata "asante" aliiogopa. Lakini alikuwa akifumba macho, anasikiliza, kisha ananiambia, huyu haamini anachosema. Nikimrudia msomaji nakuta kweli, alikuwa anawaza mtoto wake anayetakiwa kuchukuliwa shuleni. Keith ndiye aliyenifundisha kutazama midomo. Neno lenye m, b au p lazima likute midomo ya kwenye picha imefungana, mengine yote yanasameheka. Bahati yetu ni kwamba Wajapani nao hupenda kumalizia maneno yao kwa irabu, kwa hiyo sentensi ikiisha mdomo wao unabaki wazi na wetu unabaki wazi. Wenzetu wa lugha za huku walitaabika kweli, sisi tukawa tunateleza. Ubaya wake ni kwamba macho yakishazoea hayaachi. Mke wangu amenikataza kuwatazama wageni wakila.

Kipindi kilichotupa jina kilikuwa "Mashujaa wa Mbingu Tano". Kwa msiokijua, ni vijana watano wa kawaida, kila mmoja na rangi yake, ambao hatari ikitokea wanavaa helmeti, wanajipanga mikao, na baruti inalipuka nyuma yao bila sababu yoyote. Linakuja dubwana la mpira, linapigwa, linakuwa kubwa kama ghorofa, linapigwa tena na roboti. Wiki inayofuata, vivyo hivyo. Ukikitazama kwa dharau utaona watu wazima waliovaa mpira. Mimi dharau ilinikaa wiki moja hivi. Baada ya hapo nikaanza kuwahurumia hata madubwana.

Jambo moja ninalojivunia humo ni lugha. Wenye chaneli kule nyumbani walitaka Kiswahili kimoja, kilichopigwa pasi. Sisi pale studio tulikuwa mchanganyiko wa Tanga, Unguja, Nairobi na Kivu, na kila nilipowanyoosha wasomaji walisikika kama taarifa ya habari. Nikasema, hawa mashujaa wametoka mbingu tano, basi kila mmoja aseme cha kwao. Shujaa wa Njano akawa Mama Furaha wa Bukavu, ambaye hata akiitwa kuiokoa dunia huanza na "Bon" ya Kifaransa. Watu wazima wakalalamika. Watoto hawakulalamika hata kidogo, wakawa wanagombania nani awe wa Njano.

Adui wao alikuwa Malkia wa Ukungu, mwanamke mwenye pembe na barakoa ya fedha, asiyeonekana uso. Sauti yake ilikuwa ya Bi Zaituni, mjane wa Kizanzibari mwenye duka la vitambaa Handsworth, hatua chache kutoka Soho Road. Mara ya kwanza alikuja kumsindikiza shoga yake kwenye majaribio. Shoga hakupata, Bi Zaituni alicheka kitu pale kwenye benchi, Keith akatoa kichwa nje ya mlango kuuliza ni nani huyo. Kabla ya kuingia kurekodi alikuwa akivua bangili zake zote kwenye kisahani, kwa sababu maikrofoni husikia kila kitu. Alikuwa anatuletea vileja, anatuuliza hali za nyumbani mmoja mmoja, kisha anaingia ndani na kuapa kuiteketeza dunia. Nilimpenda sana mama yule. Nampenda bado.

Shujaa Mwekundu, kiongozi wa wenzake, nilimwokota kwenye basi. Nilikuwa nimekaa mbele, basi limesimama kituoni Soho Road likisubiri saa yake, na dereva yuko kwenye simu, kwa Kiswahili cha Nairobi, anamtetea mwenzake aliyesingiziwa jambo kazini. Hakupaza sauti. Lakini abiria wote, wakiwemo wasiojua neno hata moja, walikuwa wameziacha simu zao wakimsikiliza. Nikamwandikia namba yangu nyuma ya tiketi. Jina lake Abdi, Msomali aliyelelewa Eastleigh ya Nairobi, akapitia Uholanzi, akatua Birmingham. Mji mzima huu hakuwa na ndugu, hata wa kusingizia.

Sasa Bi Zaituni alikuwa na binti, Salma, mfamasia. Siku za mvua alikuja kumchukua mama yake kwa gari, na akisubiri alikaa jikoni kwetu. Salma alizaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Abdi naye Kiswahili chake nusu ni cha mitaani Nairobi, ambacho mimi mwenyewe humwomba arudie. Walielewana kwa njia ambazo sikuhitajika kuzitafsiri. Ghafla ikawa hata siku za jua Salma anakuja kumchukua mama yake.

Kwetu sisi mtu haendi kujiposea mwenyewe, na Abdi hilo alilijua. Kwa hiyo akatuma watu. Aliowapata ni madereva wenzake wawili, vijana wazuri tu, na nafasi waliyopata ilikuwa ya mapumziko kati ya zamu na zamu. Wakaenda na sare zao, vitambulisho vinaning'inia shingoni, na boksi la halua. Bi Zaituni akawakaribisha, akawapa chai, akawauliza nyinyi ni nani wake huyu kijana. Wakamjibu kwamba wao ni maboyz wake. Akawashukuru kwa kuja, akawarudishia boksi lao halijafunguliwa. Kesho yake aliponisimulia hakucheka. Alisema alidhani wamekuja kumkagua tiketi.

Sababu yake aliniambia mara moja tu, bangili ziko mkononi zinasubiri kisahani.

"Si Usomali wake, kaka Athumani, wala si hilo basi. Baba yake Salma mwenyewe aliendesha taksi. Lakini yule kijana hana mtu. Siku kitumbua kikiingia mchanga, mie nende nkakae na nani tuzungumze? Na wale wakata tiketi?"

Nimekaa kwenye mabaraza ya kusuluhisha ndoa Tanga na nimekaa hapa, na najua ndoa ikiyumba haishikwi na wawili, inashikwa na watu walioizunguka. Nilipomweleza Abdi kwa lugha ya kumpoza, alinikata. "Mzee, amesema no, na no ni no. Siwezi kum-force mtu anipende." Akaendelea na kazi. Lakini alikonda, na Salma akaacha kupanda jikoni. Alikuwa anamsubiri mama yake chini, ndani ya gari, vioo vimefungwa. Iliniuma kuwaona. Kijana alikuwa anaomba kitu kimoja tu duniani, na alinyimwa kwa kosa la kuwa peke yake.

Mimi kazi yangu ikawa kupanga zamu. Mama aliyerudisha posa na kijana aliyerudishiwa hawakai chumba kimoja, ni aibu kwa wote wawili, kwa hiyo Bi Zaituni akawa wa asubuhi na Abdi wa alasiri akitoka barabarani. Kiufundi haikuwa taabu. Kila sauti hurekodiwa peke yake, Keith anaziunganisha. Kwenye picha walikuwa wanatoana ngeu kila wiki, na kwenye ngazi za studio hawakukutana hata mara moja.

Ndipo ikaja sehemu ile.

Ni karibu na mwisho wa kipindi. Mlango wa Ukungu umefunguka juu ya mji, na Mwekundu anapigana na Malkia darajani, peke yake, wenzake wameanguka. Upanga wake unaipasua ile barakoa ya fedha. Nyuma yake kuna uso wa mama yake mzazi, ambaye tangu utotoni aliambiwa aliteketea kwenye moto. Kumbe ukungu ulimchukua, ukamfutia kumbukumbu, ukamvika pembe. Sasa barakoa imepasuka anamkumbuka mwanawe, kwa muda mfupi tu, mpaka ukungu umrudie. Na mlango ule haufungiki ila mtu abaki ndani aufunge. Mama anamsukuma mwanawe nje. Mwana anasema, mama, nisamehe, nimechelewa. Mama anamjibu neno moja, mwanangu, na mlango unafunga. Roboti haliji. Baruti hailipuki. Hata muziki wameuzima.

Tuliitazama mimi na Keith, ilipofika tu kutoka kwa wenyewe. Keith alivua miwani akasema vumbi la mazulia siku ile lilikuwa limezidi. Mimi sikutafuta vumbi. Nililia kwa raha zangu, mtu niliyekatazwa kulia miaka yote ile ya mahakamani.

Bi Zaituni alikuja asubuhi ya kurekodi akavua bangili kama kawaida, akafanya kazi ambayo ningependa nyote muisikie. Kicheko cha Malkia kilivunjika katikati, kikageuka kuwa kilio cha mama, na hakuna aliyemwelekeza. Tukafika kwenye neno lile. Picha ikapita, mdomo wa yule mama wa Kijapani ukafunguka na kufunga, na sauti haikutoka. Nikadhani amepotea kwenye skripti. Tukarudia. Mara ya tatu akavua hedifoni.

Alisema hilo halisemi. Nikamwuliza lina nini. Akasema mtu aliyemrudishia Abdi posa yake mbele ya mashahidi hawezi kusimama akamwita mwanangu, na kanda yenyewe inakwenda kuingia kila nyumba, Unguja na Bara. Nikamwambia anayesema ni Malkia.

"Malkia hana mdomo," akanijibu. "Mdomo wangu."

Nyinyi vijana mtacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua aliyemlea. Neno kama hilo likitoka kwa mtu mzima mbele ya watu, limetoka. Bibi yangu Tanga aliwahi kumwita binti wa jirani mwanangu mbele ya wageni, kwa kupitiwa tu, na binti yule alipofiwa na wazazi wake bibi ndiye aliyemlea na kumtolea vyombo vya harusi. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema alishasema.

Tukajaribu maneno mengine. "Kijana" liliingia mdomoni vizuri, likakaa. Keith akafumba macho, akasikiliza, akaniuliza kama sasa huyu mama anazungumza na mtu aliyemletea kifurushi. Tukajaribu "shujaa wangu". Keith hakufumbua hata macho, alitikisa kichwa tu. Wenye chaneli walikuwa wanaisubiri kazi siku ile ile, na mimi nilikuwa nimeishiwa maneno, jambo ambalo kwa mtafsiri ni kama fundi bomba kuishiwa na maji. Nikamwambia Bi Zaituni apumzike, tutaona.

Akatoka, akavaa bangili zake, akaja kukaa kwenye sofa la chumba cha mitambo, nyuma yetu, kumsubiri Salma. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara imefunga, Salma akachelewa sana. Saa ya Abdi ikafika. Chumba cha kurekodia kina mlango wa pili koridoni, Abdi akaingilia huo, hakupita kwetu, hakujua nani yuko kwenye sofa. Bi Zaituni alipoona taa ya chumba cha kurekodia inawaka aligeuka akakipa mgongo kioo cha kati, ambacho kwa mwanga wa kule hakionyeshi kwetu vizuri, akatoa tasbihi. Msije mkasema nilipanga. Mimi si mwerevu kiasi hicho, na kama ningekuwa mwerevu ningemtoa kwa adabu akasubiri jikoni.

Abdi alirekodi mapigano yote, akafoka pa kufoka, akahema pa kuhema. Tukafika darajani. Barakoa ikapasuka, taa nyekundu inawaka, kanda inazunguka, na Abdi kimya. Kisha akasogea kwenye maikrofoni, akijua wa kumsikia ni mimi na Keith peke yetu.

"Mzee, samahani. Hii line mi nilishaisema. Nikiwa Holland, nangoja papers, nimesimama kwa ngazi na simu. Wakaniambia mama tulimzika jana. Nikasema tu hivyo hivyo, mama nisamehe, nimechelewa. Na simu upande ule ilikuwa kwa mkono ya jirani."

Nilimwambia tuache, tutafanya siku nyingine, chaneli itasubiri. Akasema hapana, turudishe nyuma. Keith akarudisha nyuma, na Abdi akaisema. Keith hakufumba macho safari hii. Mimi nilikuwa nimeinamia meza, na kilichonishtua ni kwamba punje za tasbihi nyuma yangu zilikuwa zimenyamaza.

Mlango wa chumba cha kurekodia haufunguliwi taa nyekundu ikiwa inawaka. Ndiyo sheria ya kwanza Keith anayomfundisha mtu, na nimemwona akimfukuza meneja kwa kuivunja. Bi Zaituni aliinuka, akatupita, akaufungua. Keith hakumzuia. Abdi alipomwona alirudi nyuma mpaka ukutani, macho chini, hedifoni zimemning'inia shingoni. Maikrofoni ilikuwa wazi kwa hiyo tulisikia yote.

"Mama yako akiitwa nani?"

"Habiba."

"Alizikwa na nani?"

"Majirani. Mama Njeri wa mboga alinunua sanda, hata si Muislamu. Watu wa msikiti wakambeba."

"Mungu awalipe," Bi Zaituni akasema. Kisha akachukua hedifoni za pili, akanigeukia kwenye kioo. "Turudie, kaka Athumani. Toka mlango unapoanza kufunga."

Tulirekodi mara moja tu. Sitawaelezea, kipindi chenyewe kipo, kitafuteni. Nitasema tu kwamba hakulipaza lile neno. Alilisema chini, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, na mkono wake ukamwendea Abdi begani, bangili zikalia. Zinasikika mpaka leo, mkitega sikio. Keith, mtu aliyewahi kusimamisha kazi kwa ajili ya nzi, hakuziondoa.

Bi Zaituni alipotoka nilikuwa nimelowa uso mzima. Nikamwuliza kwa furaha kama nikamwambie Abdi kwamba mambo yamekwisha. Alinitazama kama mtu aliyeniona nasinzia kazini.

"Kazi ni kazi na nyumba ni nyumba, na nyumba yangu ina mlango. Waambie watu wake waje kama watu wanavyokuja."

Nikamwuliza watu gani. Akasema hilo silo la kumwuliza yeye, akachukua mkoba wake akashuka, maana Salma alikuwa anapiga honi.

Kesho yake tulikaa jikoni. Abdi alikuwa anawaza aende msikitini akaombe wazee wawili wa kuazima, wenye ndevu nzuri. Mama Furaha, ambaye alikuwa anapasha wali wake, aliweka kijiko chini.

"Bon. Kuazima wazee. Na siye tuko ba nani hapa, Abdi? Viti?"

Abdi aligeuka dirishani, akakaa akiangalia mabasi ya High Street muda mrefu kuliko yanavyostahili kuangaliwa.

Nilimtafsiria Keith yote, na posa ni nini, na kwa nini ile ya kwanza ilirudi. Alilichukua kama anavyochukua kazi. Akauliza tunavaa nini, tunabeba nini, nani anaingia wa kwanza. Nikamweleza kwamba mkubwa wa msafara ndiye hutangulia, na anayeulizwa mlangoni ni yeye, yeye ndiye hujibu. Nikiwa bado naeleza nikaona Mama Furaha ananitazama kwa huruma. Mkubwa wetu alikuwa Keith. Yeye mwenyewe alishajua, alikuwa ameshika kalamu anasubiri nimtajie la kusema. Nilimwambia tunaweza kumwombea udhuru, nikajibu mimi. Akasema kwa miaka yote hii amewasikiliza watu wakiwa ndani ya kile chumba, hawezi kushindwa na sentensi moja. Akaingia, akawasha taa nyekundu, mimi nikakaa kwenye mitambo yake nisiyoijua. Tulimrudisha nyuma mara nyingi sana. Akila tofaa, akirudia.

Tukaenda Jumapili baada ya adhuhuri. Mimi kanzu na koti la baridi juu yake. Mama Furaha kikwembe kipya, yaani kitenge cha kwao, kilichoujaza mlango wa gari. Keith alivaa suti aliyonunua kwa harusi ya bintiye, na ndiye aliyebeba sinia, limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Mtaani kulikuwa na familia zinatoka gurdwara, hekalu la Masingasinga, wakatupisha njia kwa heshima na mama mmoja akatupongeza kabla ya wakati. Abdi kwa desturi hakutakiwa kuwepo. Tulimwacha kwenye mgahawa wa Soho Road na chai asiyoinywa, na simu yangu ilikuwa inatetemeka mfukoni kwa ujumbe wake tangu tulipompa kisogo.

Bi Zaituni alifungua mwenyewe, shemeji yake wa Coventry amesimama nyuma yake. Juu ghorofani sakafu ililia, nikajua Salma yuko wapi. Tukatoa salamu, tukaitikiwa. Na mama yule, aliyekula nasi na kucheka nasi miaka yote ile, alitutazama kama watu ambao hajapata kuwaona maishani. Moyo wangu ukafurahi, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Anayekutazama hivyo mlangoni amekubali kukusikiliza.

"Nyie nani," akauliza, "na mwatoka wapi?"

Kwa mazoea nikafungua mdomo, nikaufunga. Keith akafumba macho, kama afanyavyo akitaka kusikia vizuri.

"Sisi," akasema, kwa lafudhi yote ya Shard End, "ni watu wake Abdi."

Hakuna aliyecheka. Bi Zaituni alitutazama mmoja mmoja, Mama Furaha, mimi, akamalizia kwa Keith ambaye bado hajafumbua macho.

"Kumbe anao," akasema, akatupisha tuingie.